Sura ya Tano: Hekima ya Kuhama

Mkulima akishukiwa na baa hulipokea pale pale aliposimama, kwa kuwa shamba halina miguu. Lakini mfugaji, ambaye mali yake yote hutembea, anayo njia moja zaidi, nayo ni kuliondokea baa hilo kabla halijamfikia. Juu ya tofauti hii Wamaasai, Waborana, Wasomali, Waturkana na majirani zao wa nyika za Afrika ya Mashariki wamejenga, kizazi baada ya kizazi, elimu nzima ya maradhi na ukame. Asiyeufahamu msingi huo huwaona watu hawa kuwa watangatangao ovyo, wasiojua waendako wala sababu ya kwenda, ilhali katika kila hatua yao mna hesabu ya mvua, ya majani, ya maji, ya kupe, ya mbung'o na ya wanyama wa mwituni, zikipimwa zote kwa pamoja, kwa maana mfugaji hapati kuepuka hatari moja pasipo kuikaribia nyingine. Muradi wa sura hii ni kuieleza hesabu hiyo kwa mifano, na kuonyesha kwamba mara nyingi ilipowashinda wenyewe iliwashinda kwa moja ya sababu mbili: ama baa lilitoka mbali wasikokujua, ama njia ya kuhama ilikuwa imekwisha kufungwa.

Yafaa kutangulia na namna wanavyoyajua maradhi. Mfugaji hamjui ng'ombe wake kwa idadi; humjua kwa rangi, kwa pembe, kwa mwendo, na kwa nasaba ya mamaye na bibi yake, hata jioni kundi liingiapo zizini huona pengo bila ya kuhesabu. Mwanamke akamaye ndiye aghalabu hutambua ugonjwa wa kwanza, kwa sababu maziwa hupungua kabla mnyama hajaonyesha udhaifu wowote, na mtoto achungaye ndiye aletaye habari ya ndama aliyebaki nyuma ya wenziwe au aliyekataa kunywa maji. Fauka ya hayo, watu hawa huchinja na kupasua, wakayatazama matumbo, ini, nyongo na mapafu kwa macho yaliyozoea kuviona vikiwa vizima na vikiwa vibovu. Homa ya mapafu Wamaasai huiita olkipei, na kundi lililopatwa nayo hulitenga na makundi mengine. Ndigana kali, yaani oltikana, huitambua kwa tezi zinazovimba chini ya masikio. Sotoka waliiita olodua. Hivyo, kabla darubini haijafika katika nchi zao, walikuwa na orodha ya maradhi yaliyopambanuliwa kwa dalili, kwa majira na kwa mahali. Walichokikosa ni habari ya kijidudu kisichoonekana. Na kwa mtu ambaye dawa yake kubwa ni kuondoka, kujua maradhi yako wapi na huja lini kulimfaa kuliko kujua yameumbwa na nini.

Wala elimu hii haikuwatenga na imani. Mmaasai humwomba Enkai, Mungu wake, mvua na afya ya mifugo, na huenda kwa oloiboni, yaani mwaguzi wao, kutafuta sababu ya msiba uliozidi kawaida; Msomali huamini kwamba kila jambo lina kadari yake, naye hufunga safari ya malisho baada ya dua; na katika Waturkana na Wakaramojong wako wazee wasomao matumbo ya mbuzi aliyechinjwa, wakaeleza kama upande fulani una amani au una shari. Msomaji wa leo huenda akatabasamu kwa hayo ya mwisho. Lakini na akumbuke kwamba mzee huyo husoma mbele ya wazee wenziwe, na kwamba miongoni mwao wamo waliokwisha kutuma vijana kuyapeleleza malisho na visima. Kwa hiyo neno linalotoka katika baraza hilo huwa limekutana na habari za nchi kabla halijawa amri.

Baa ambalo halikuwamo katika hesabu hiyo, na ambalo kumbukumbu yake haijafutika hata leo, lilikuwa sotoka. Maradhi haya yaliingia katika Pembe ya Afrika mnamo mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kulilisha jeshi la Kitaliano huko Massawa, yakashuka kusini bila ya kizuizi, yakawafikia Wamaasai mnamo 1890 na 1891, na mwaka 1896 yakavuka mto Zambezi kuelekea ncha ya bara. Homa ya mapafu ilikuwa imetangulia kuyapunguza makundi katika miaka ya 1880, ndui ikafuata kwa wanadamu, na zama hizo za misiba iliyofuatana Wamaasai waliziita Emutai, yaani kumalizika. Oscar Baumann, msafiri wa Austria aliyepita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892, aliwakuta watu waliodhoofika kwa njaa hata kusimama kukawashinda, akakisia kwamba theluthi mbili ya Wamaasai walikuwa wamekufa.

Katika sotoka dawa ya kuhama haikufaa kitu, na sababu yake yastahili kuzingatiwa. Maradhi mengine waliyoyazoea yalikuwa na makao: mengine hukaa katika nyasi za juu penye kupe, mengine katika vichaka vya mbung'o, mengine katika mbuga za nyumbu, na aliyeondoka katika makao hayo alikuwa ameondoka katika hatari. Sotoka haikuwa na makao. Ilipita kutoka pua ya mnyama hadi pua ya mnyama mwingine, kwa hiyo kila kundi lililokimbia lilikimbia nayo, likaifikisha kwa makundi ambayo hayajaijua bado. Nyati, pofu na nyumbu nao waliteketea. Waliosalimika katika wanadamu walisalimika kwa kuwakimbilia wakulima: Wakikuyu, Wachaga, Waarusha na wengineo, ambao kwao walikuwa na ukwe, ujamaa na biashara ya siku nyingi, na huo ndio ushahidi wa kwanza kwamba mfugaji, hata katika siku zake za neema, alikuwa akiweka uhusiano na jirani mkulima kwa ajili ya siku ambayo ng'ombe watamkimbia.

Hasara haikuishia katika uhai wa watu na wanyama tu. Nchi iliyokosa midomo ya ng'ombe na moto wa wachungaji iliota vichaka, na vichaka vikawakaribisha mbung'o, wakaja na nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Wanazuoni wawili, John Ford katika kitabu chake cha 1971 na Helge Kjekshus katika kitabu chake cha 1977, walieleza kwa urefu jinsi watu wa Afrika walivyokuwa wameizuia hatari ya mbung'o kwa kulima, kulisha na kuchoma, na jinsi kizuizi hicho kilivyobomoka mwishoni mwa karne ya 19. Watawala wa Kizungu walioingia wakati huo waliikuta nchi imekuwa tupu, wakadhani ndivyo ilivyoumbwa. Na baadhi ya sehemu walizozitenga kuwa za wanyama wa mwituni zilikuwa malisho ambayo wenyewe walikuwa wamekufa au wamekimbia miaka michache tu kabla yao.

Sasa tufuate mkufu wa mambo yaliyotokea Serengeti na Ngorongoro katika karne iliyofuata, maana hakuna mfano ulio bora kuliko huu wa kuonyesha jinsi hatari moja inavyoizaa nyingine. Katika maabara ya Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza mnamo 1960 chanjo ya sotoka iliyo salama na ya kutegemewa, na ng'ombe wa Afrika ya Mashariki wakachanjwa kwa wingi. Nyumbu wa Serengeti, ambao walikuwa wakiupata ugonjwa ule kwa ng'ombe, waliacha kufa. Nao ambao mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikadiriwa kuwa kiasi cha 250,000, walipofika mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja. Ulimwengu uliwatazama kwa furaha, na watalii wakamiminika. Lakini kwa Mmaasai wa Ngorongoro kila nyumbu aliyezaliwa alikuwa ni shubiri.

Sababu ni hii. Nyumbu huzaa baina ya Januari na Machi katika mbuga za majani mafupi, zilizo juu ya udongo wa majivu ya volkeno, ambako majani yake yana madini mengi na humnenepesha kila mnyama alaye. Nyumbu hubeba kirusi kisichomdhuru mwenyewe, na ndama wake, katika miezi mitatu hivi ya kwanza ya uhai, hukitoa kwa kamasi na machozi. Ng'ombe akikipata hushikwa na homa kali, macho yakaingia ukungu, pua ikatoka usaha, na karibu kila anayeugua hufa, wala hakuna tiba. Plowright na wenzake ndio waliothibitisha mnamo 1960 kwamba maradhi hayo hutoka kwa nyumbu. Lakini Wamaasai walikuwa wameyajua kabla yao, wakasema ni kondo la nyuma la nyumbu linalochafua majani, wakawaondoa ng'ombe wao mbugani mara nyumbu wajapo kuzaa. Wataalamu walipochunguza walikuta kwamba lawama ni ya ndama zaidi kuliko ya kondo. Lakini kwa kuwa ndama na kondo huonekana mahali pamoja na wakati mmoja, kosa lililokuwamo katika kueleza sababu halikuuharibu usahihi wa tahadhari.

Tahadhari hiyo ina gharama. Mfugaji analazimika kuyaacha majani bora ya mwaka katika wiki zile zile ambazo yana ubora wake, akapanda nyanda za juu zenye baridi na umande, ambako ng'ombe hupungua maziwa na ndama hukawia kukua. Walipokuwa nyumbu ni wachache, aliweza kuchagua upande ambao hawajaufikia. Walipojaa mbuga nzima, nafasi ya kuchagua ikatoweka. Na huko juu alikopanda, kupe wa masikio alikuwa akimngojea.

Kupe huyu ndiye aletaye ndigana kali, ugonjwa wa kale katika nchi hizi, ambao Waingereza waliuita homa ya Pwani ya Mashariki kwa sababu ulilipuka kusini mwa Afrika mnamo 1901 na 1902 baada ya ng'ombe kupelekwa huko kwa meli kutoka pwani yetu. Kupe hupenda nchi yenye unyevu na nyasi ndefu, na ugonjwa wake huua ndama kuliko ng'ombe wakubwa. Wamaasai wana njia zao za kupambana nao. Ndama hawatoki na kundi kubwa. Hulishwa karibu na boma katika malisho yaliyotengwa kwa ajili yao, ambayo mtu mwingine hana ruhusa ya kuyaingiza makundi yake. Tezi iliyovimba huchomwa kwa chuma cha moto. Na nyasi kuukuu huchomwa mwishoni mwa kiangazi, ili kupe wateketee na majani mabichi yachipue kwa mvua ya kwanza. Katika Ngorongoro, ambayo tangu 1959 iko chini ya mamlaka ya hifadhi, kuchoma huko kulikatazwa kwa miaka mingi. Nyasi ngumu ambazo mifugo haizili zikaenea, na kupe wakapata makazi mema. Hivyo chanjo ya ugonjwa mmoja iliwaongeza nyumbu, nyumbu wakawapandisha ng'ombe milimani, na milimani kanuni ya moto ikawaongeza kupe. Kila jambo peke yake lilifanywa na watu wenye nia njema, na hakuna aliyeketi kuyajumlisha isipokuwa yule aliyekuwa akipoteza ndama.

Hata hivyo, mkufu huo ulipata tiba kutoka upande ule ule wa elimu mpya. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Muguga walikamilisha njia ya kumpa ndama vijidudu hai vya ndigana, na papo hapo kumdunga dawa ya kuvizuia visimuue, akapata kinga ya muda mrefu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania wameipokea njia hiyo kwa wingi, wakailipia kwa fedha zao wenyewe. Na ndama aliyechanjwa hupachikwa hereni ya sikio, ambayo mnadani humwongezea thamani, kwa kuwa mnunuzi anajua kwamba huyu hafi kwa oltikana. Wengi walistaajabu kwamba watu waliodhaniwa kuwa wakaidi wamekubali upesi hivi. Wala si ajabu: mfugaji alikuwa akijua tangu zamani kwamba ndama aliyeugua oltikana akapona haugui tena, na chanjo hii ilimfanyia kwa makusudi yale ambayo maumbile yalimfanyia kwa bahati. Elimu ngeni ilipomkuta akijua nusu ya jambo, haikupata taabu ya kumfundisha nusu iliyobaki.

Tukiacha nyanda za Wamaasai tukaenda kaskazini na mashariki, katika nchi kavu ya Garissa, Wajir na Mandera, tutakutana na hatari ya namna nyingine, ambayo huja na neema yenyewe. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa kwa mara ya kwanza mnamo 1930 na 1931 karibu na ziwa Naivasha. Mayai ya mbu wanaoieneza hulala katika udongo mkavu wa mabonde madogo kwa miaka mingi, yakiwa na kirusi ndani yake, mpaka ije mvua ya ajabu ifanye mafuriko. Ndipo mbu hutoka kwa makundi, kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia wakatupa mimba kwa mpigo, na wachinjaji na wakamuaji wakaugua kwa homa, wengine hata kutokwa na damu. Ilikuwa hivyo katika mvua za El Niño za 1997 na 1998, na ikawa hivyo tena mwishoni mwa 2006, ilipoanzia Garissa ikaenea hadi Tanzania mwaka 2007.

Katika mlipuko huo wa pili wataalamu walikuwa na setilaiti zinazopima bahari, mawingu na ukijani wa nchi, na onyo lilitolewa. Lakini walipokwenda baadaye kuwahoji Wasomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya, walikuta kwamba wao walikwisha kuziona dalili zote na kuzifungamanisha kabla onyo rasmi halijawafikia: mvua iliyopita kiasi, mbu wasio wa kawaida, mimba zilizotupwa kwa wingi, na wanyama waliotokwa na damu puani, ugonjwa waliouita sandik. Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania, waliohojiwa vivyo hivyo, hawakuwa na wepesi huo wa kuitambua. Kwa hiyo isidhaniwe kwamba elimu ya mfugaji ni kipaji cha kabila au siri ya damu. Ni matunda ya kuonana na jambo mara kwa mara, na ugonjwa usiorudi ila baada ya miaka mingi huwakuta vijana wasioujua.

Homa hiyo ilifunua pia kwamba hatari ya mfugaji wa leo haikomei malishoni. Mwaka 2000 ilivuka Bahari ya Sham ikazuka Saudia na Yemen, kwa mara ya kwanza nje ya Afrika, na Saudia ikapiga marufuku mifugo ya Pembe ya Afrika hadi mwaka 2009. Wasomali ambao tangu dahari hupeleka kondoo na mbuzi kwa majahazi na meli kutoka Berbera, hasa kwa ajili ya dhabihu za Hija, walijikuta wana makundi mazima yasiyo na mnunuzi. Mnyama aliyeokoka na kirusi aliweza bado kumfilisi mwenyewe, na kwa hasara ya namna hiyo mfugaji hana pa kuhamia.

Ukame nao ni baa lililozoeleka, na ndipo ustadi wa wafugaji huonekana kwa ukamilifu. Watu wa pwani husema kwamba akiba haiozi. Lakini akiba ya mfugaji hufa kwa kiu, na kwa sababu hiyo haiweki mahali pamoja. Kwanza, huchanganya aina za wanyama, kwa kuwa ng'ombe hutaka majani na maji ya karibu, mbuzi hula vichaka, na ngamia hukaa siku nyingi bila ya maji akala majani ya miti. Wasamburu, waliokuwa watu wa ng'ombe, wengi wao wamechukua ngamia baada ya kupoteza ng'ombe katika ukame uliorudiarudia. Pili, hugawa kundi: ng'ombe wa maziwa hubaki karibu na wazee na watoto, na wengine huenda mbali na vijana. Tatu, huwatawanya wanyama wake katika mazizi ya watu wengine. Katika Wamaasai uko ushirika uitwao osotua, ambao kwao mtu humwomba mwenziwe mnyama pale tu anapokuwa na haja ya kweli, na aliyeombwa hutoa bila ya kuandika deni, akijua kwamba yeye naye ataomba siku yake. Na katika Waborana iko kanuni ya busa gonofa, ambayo kwayo ukoo humchangia mwanawe aliyefilisika wanyama wa kuanzia upya. Nne, huweka sheria juu ya malisho na maji. Waborana wa Isiolo wana baraza za wazee wa dedha, ambazo huitenga nchi kuwa malisho ya masika, malisho ya kiangazi na malisho ya akiba, na mgeni hana budi kuomba ruhusa kabla ya kuingia. Na kusini mwa Uhabeshi, katika visima virefu viitwavyo tula, ambamo vijana husimama ngazi kwa ngazi wakipokezana ndoo, yuko msimamizi wa zamu, abba herega, ambaye neno lake halipingwi hata na mwenye makundi makubwa.

Mtu akizitazama taratibu hizi nne atagundua kwamba hakuna hata moja iliyokusudiwa kuuondoa ukame. Wote wanajua kwamba utakuja. Kusudi lao ni kuufanya usiwapate watu wote kwa kiasi kimoja katika siku moja, ili daima awepo mwenye kutoa na mwenye kupokea. Kwa fikira hiyo hiyo, bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit mnamo 2010 haikuwa jambo geni kwao kama ilivyodhaniwa: setilaiti hupima ukijani wa malisho, na yakikauka kupita kiwango kilichowekwa, mwenye bima hulipwa pasipo mtu kwenda kuhesabu mizoga. Mwaka 2013 iliandaliwa huko Wajir kwa utaratibu wa takaful, kwa kuwa Waislamu wengi hawakuridhia mikataba yenye riba na gharari. Na mchango wa pamoja unaomsaidia aliyepatwa ulikuwa ni jambo walilolijua katika koo zao kabla halijavaa nguo za shirika.

Ingekuwa dhuluma kwa ukweli kuzisifu desturi zote pasipo kuzichuja. Mnyama akionekana anakufa, wengi huharakisha kumchinja ili nyama isipotee, na kwa haraka hiyo kimeta na homa ya Bonde la Ufa vimewapata watu ambao wangepona kama wangemwacha. Maziwa mabichi, ambayo ni fahari ya ukarimu wao, hubeba homa ya kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe. Dawa za kisasa zinazouzwa minadani hudungwa kwa kukisia, zikapunguzwa kipimo ili zitoshe kundi, na vijidudu vikapata usugu. Aidha, hesabu ya kugawana ina mpaka wake: baina ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana Pembe ya Afrika misimu mitano mfululizo, na mahali ambapo kila mtu amepoteza, hakuna wa kuombwa.

Lakini makosa hayo yote yanaweza kurekebishwa kwa mafunzo na kwa tabibu wa mifugo aliye karibu. Kosa lisilorekebishika upesi ni kuifunga njia. Huko Kajiado, mashamba ya ushirika yaliyoanzishwa kwa sheria ya 1968 yaligawanywa baadaye kwa mtu mmoja mmoja. Ua ukasimama mahali palipokuwa pa kupita, na mwenye ekari zake mwenyewe akapata hati na akapoteza mvua ya jirani. Ng'ombe waliozoea kufuata wingu lililonyesha upande wa pili hukutana na waya. Mtu huyo akiulizwa sababu ya kufa kwa kundi lake, atajibu kwamba ni ukame, na jibu lake litaandikwa hivyo katika daftari za serikali. Lakini babu yake alipatwa na ukame wa kiasi kile kile, akaupita.

Namna sotoka ilivyokwisha ni hoja iliyo na nguvu kuliko zote katika jambo hili. Kampeni kubwa za chanjo zilizofanywa kuanzia miaka ya 1960 ziliisafisha sehemu kubwa ya bara, lakini maradhi yalibaki yamejificha katika nchi za wafugaji wa mbali, kwa Waafar wa Uhabeshi, katika Sudani ya Kusini, Karamoja na nchi za Wasomali, kwa sababu chanjo ilihitaji barafu, gari na barabara, na makundi yalikuwa mahali pasipo na kimoja katika hivyo vitatu. Katika miaka ya 1990 ikapatikana chanjo iliyoweza kustahimili joto kwa siku nyingi nje ya barafu. Nayo ikakabidhiwa wafugaji wenyewe, waliochaguliwa na wazee wao na kufunzwa kuchanja, wakaipeleka kwa miguu katika kambi ambazo wao tu walijua ziko wapi wakati gani wa mwaka. Kirusi cha sotoka kilionekana kwa mara ya mwisho mwaka 2001 kwa nyati wa Meru, Kenya, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba maradhi hayo yametoweka duniani, ya pili kufutwa na mwanadamu baada ya ndui.

Ugonjwa ulioshinda dawa ya kuhama ulimalizwa siku ile dawa nayo ilipoanza kuhama. Serikali zinazotaka kuwaokoa wafugaji na maradhi na ukame zimekuwa zikiwasihi kwanza watulie mahali pamoja ili huduma ziwafikie; habari ya sotoka yaonyesha kwamba huduma yaweza kuwafikia wakiwa njiani, tena ikafika pale ambapo gari halikupata kufika. Kwa hiyo kila mpango unaoletwa katika nchi zao, uwe wa chanjo, wa hifadhi, wa hati za ardhi au wa visima, wapaswa kujibu swali moja kabla ya kutengewa fedha: je, utawaachia watu hawa njia ngapi za kupita mvua itakaponyesha kwingine? Usioweza kulijibu umekwisha kuwaongezea hatari moja juu ya zile ulizokusudia kuzipunguza.